Kiwanja Kilichonunuliwa kwa Siri

Jamaa zangu, sikieni yaliyomfika Bimdogo wa mtaa wa Kuze. Nyumba aliyozaliwa ndani yake alipewa na mamake siku ya harusi yake, kama ilivyo desturi yetu, naye akimwekea bintiye Mwanakuu, aliyekwisha kuposwa. Kila alasiri Bimdogo alikaa barazani akisuka ukili wa mikeka, mumewe Badawi akimpigia soga, na majirani wakikaribishwa kahawa.

Kisha vikaja vita vya miaka ya arubaini. Maghala yakazuka Shimanzi, upande wa bandarini, na kila mwenye kipande cha ardhi akajiona tajiri. Badawi naye tamaa ikampanda kichwani.

"Mke wangu, kuna kiwanja kitupu nyuma ya maghala. Tuuze nyumba hii tukinunue. Kikipanda bei n'takiuza, nikupe nyumba mbili."

"Umewauliza majirani wa huko?"

"Niwaulize wapate kunitangulia? Usimwambie mtu, hata nduguyo."

Bimdogo akakubali, nyumba ikauzwa. Msimcheke, alimpenda mumewe. Lakini sisi ardhi huiuliza kwanza kwa majirani, maana wao ndio wajuao nani kafa na nani karithi. Badawi, ili asionekane, alikwenda kukitazama kiwanja Ijumaa, watu wako msikitini, akakinunua vivyo hivyo. Hebu fikirini!

Vita vilipokwisha akampeleka mnunuzi kiwanjani. Mama mmoja jirani wa pale, Mwanabaraka, akatoka nje.

"Mwauziana nini hapa? Hiki ni wakfu wa msikiti, sote twajua. Hakiuzwi hiki. Mbona hukutuuliza, baba?"

Kadhi akathibitisha. Aliyemuuzia Badawi alikuwa keshahama, hajulikani aliko.

Posa ya Mwanakuu ikavunjika, kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kumpokea bwana harusi. Badawi akajifungia katika chumba cha kupanga, akiona haya hata kutoka kuswali. Bimdogo akaanza kushona nguo za watu, na wa kwanza kumwita alikuwa Zarina, mke wa aliyeinunua ile nyumba. Alipofika alisimama mbele ya mlango, machozi yakimtoka. Maisha yake yote hakuwahi kupiga hodi pale.

MAFUNZO

Kutafuta faida katika ardhi si kosa. Kosa ni kuuza makao ya watoto kwa faida ambayo haijaja, na kuwaficha majirani jambo ambalo wao ndio mashahidi wake. Ndugu zangu, ulizeni. Bimdogo aliuliza mara moja tu, kisha akanyamaza.