Siku Niliyojifanya Nimepotea

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, mimi na dada yangu Evarista tulishuka kutoka ghorofa ya tatu tunapoishi hadi dukani kwa baba, hapa hapa Kariakoo. Baba yetu, Mzee Onesphory, anauza vitenge kwa jumla. Kazi yetu ilikuwa kufungua marobota na kukunja vitenge kimoja kimoja, upande wenye maua ukitazama nje. Evarista alikunja haraka kuliko mimi. Yeye ana miaka kumi na minne, mimi kumi na miwili, na tangu nizaliwe amekuwa akinizidi kwa kila kitu. Hilo nilishalizoea.

Jambo ambalo sikulizoea lilianza mwezi wa tatu. Siku moja stoo ya chini ya jengo letu iliungua, na Evarista akakwama ngazini katikati ya moshi kwa karibu nusu saa. Alitolewa bila hata mchubuko, tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki mbili akaanza kupotea. Hivyo ndivyo tulivyosema nyumbani. Anakuwa amekaa mbele yako, macho wazi, lakini ukimwita haitiki. Akizinduka hakumbuki kitu. Siku moja alijikuta Buguruni akiwa na sare za shule, na hakujua amefikaje.

Hospitali walimpima, wakasema hana kifafa. Daktari alimweleza mama kwamba dada ameumizwa na hofu ya siku ile ya moto. Akamshauri amtafute mtaalamu wa saikolojia anayejua kutibu hali hiyo kwa watoto. Mama alidhani ni kazi ya siku moja, kumbe ilimchukua wiki saba. Mtaalamu wa kwanza alitibu watu wazima tu. Wa pili alihudumia waathirika wa dawa za kulevya. Wa tatu aliahidi kumponya dada kwa siku moja, na mama akakata simu. Mwishowe akampata Bi Anifa, kule Upanga. Huyu alijibu maswali yote ya mama bila haraka: ndiyo, alishatibu watoto wa namna hiyo, hapana, hawaponi kwa siku moja. Akatupangia Alhamisi.

Mnadhani nilifurahi? Sikufurahi hata kidogo. Katika wiki hizo zote Evarista alilala kitanda kimoja na mama. Hakuosha vyombo. Akisema tu kwamba ugali haupiti, ananunuliwa chipsi kuku. Mimi niliosha vyombo vyangu na vyake. Kilichonimaliza kabisa ni kikao cha wazazi shuleni. Nilikuwa wa pili kati ya wanafunzi tisini, lakini mama hakufika kwa sababu alikuwa amekwenda kuonana na huyo Bi Anifa. Nilirudi na ripoti yangu mkononi na hakuna aliyeiuliza. Nilimwonea dada wivu, wivu mbaya, mpaka nikatamani na mimi niugue.

Jumamosi iliyofuata, duka likiwa limejaa wateja, niliachia kitenge kikaanguka. Nikakodoa macho ukutani.

"Vicky, okota hicho," mama alisema. "Vicky! We Vicky!"

Nilikaa kimya. Ili mambo yakolee zaidi, nikajilaza juu ya robota. Mama alipiga yowe. Mara nikawa mikononi mwake, ananipepea kwa kipande cha boksi, na baba mwenyewe amekimbia kuniletea soda baridi. Niliinywa taratibu. Sitawadanganya, ilikuwa tamu.

Baba mdogo Kasmir, ambaye husaidia dukani, alikuwa akitutazama huku akitikisa kichwa.

"Kaka, mmoja ningeelewa," alimwambia baba. "Lakini wawili, nyumba moja, mwaka mmoja? Hii siyo ya hospitali. Kuna mkono wa mtu hapa. Wapeleke nyumbani Rombo, wazee wakaangalie."

Baba alifikiri kidogo. "Kweli. Alhamisi tunapanda basi."

"Alhamisi ni ya Upanga!" mama alisema. "Wiki saba nimehangaika, Baba Evarista!"

"Huko Upanga wanasema ni moshi. Haya, na huyu Vicky ameona moshi gani?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, lakini nikaendelea kunywa soda.

Mchana tulipandishwa juu tukapumzike. Evarista alikuja kukaa kando ya kitanda changu. Nilifumba macho nikidhani atanishtukia, maana yeye ndiye aliyeujua ugonjwa wenyewe.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Mimi kwanza huwa nasikia harufu ya moshi, halafu sauti za watu zinakwenda mbali. Wewe ilianzaje?"

"Sijui," nilijibu.

Akanishika mkono. "Usiogope. Nilidhani ni mimi tu duniani. Nilikuwa naogopa kumwambia hata mama kwamba labda nina wazimu. Sasa tuko wawili." Kisha akatabasamu, na nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu mwezi wa tatu.

Laiti angenipiga, ningevumilia. Nilisikia aibu hadi masikioni. Nilikuwa nimemnyang'anya dada yangu matibabu yake, na yeye alikuwa akinifariji.

"Dada, sikupotea," nilisema. "Nilijifanya."

Aliuachia mkono wangu. Aligeukia ukuta akalia. Nilisimama, nikashuka ngazi peke yangu, na kila ngazi nilitamani irefuke. Dukani nilisimama mbele ya baba, mama na baba mdogo.

"Baba, nilidanganya. Siumwi kitu. Tafadhali msiache kumpeleka dada Upanga."

Baba mdogo Kasmir alijifanya anahesabu vitenge. Baba alifura kwa hasira. "Hivi we mtoto unajua ulichokifanya?"

"Najua, baba. Niliona wivu. Kila kitu ni Evarista. Hata ripoti yangu hamjaiuliza."

Mama aliketi kwenye kiti cha wateja. "Ripoti yako tungepaswa kuiuliza. Hilo ni kosa letu," alisema. "Lakini uongo wako ni kosa lako, na umemuumiza mgonjwa. Utamwomba radhi mpaka akusamehe yeye, siyo mpaka uchoke wewe."

Baba aliifuta safari ya Rombo. Msamaha wa dada ulichukua siku tano. Alhamisi asubuhi, akifunga viatu, Evarista aliniambia, "Haya, twende wote."

Bi Anifa alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Tulimwamkia, "Shikamoo," akatuitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akamweleza dada bila kuficha.

"Huna wazimu, Evarista. Siku ile ya moto akili yako iliondoka kidogo ili usiteseke. Ilikusaidia. Tatizo ni kwamba sasa inaondoka hata pasipo na moshi. Taratibu tutaifundisha kubaki."

Walianza na zoezi dogo: akisikia ile harufu, akanyage sakafu kwa nguvu na kutaja vitu vitano anavyoviona. Tulikwenda kila Alhamisi. Miezi ikapita, na kupotea kukapungua kutoka kila wiki hadi mara moja kwa mwezi. Mara ya mwisho nilimwona akishika meza na kutaja, "Kikombe, dirisha, sufuria, kalenda, Vicky," akabaki nasi.

Wivu haukuisha siku moja. Alhamisi moja mama alipokuwa akichukua mkoba wake nilimwambia, "Mama, leo nina wivu."

Evarista aliangua kicheko. Mama aliuweka mkoba chini, akanivuta karibu.

"Afadhali umesema," aliniambia. "Wivu ukiufungia ndani, utakutuma kudanganya. Ukiusema, nitakusikia. Dada yako anapata muda mwingi kwa sababu anaumwa, wala hapendwi kuliko wewe. Ukitaka nikutazame, mwanangu, niite tu. Usiugue ili nikuone."