Sauti ya Ocie Stamper

Verlene Stamper alikuwa uani, akikoroga matufaha ndani ya sufuria kubwa ya shaba. Katika milima ya Kentucky, jamu ya familia yake ilijulikana sana. Kila chupa ilikuwa na picha ya mama yake, Ocie, amevaa kofia ya kitambaa.

Mteja mmoja akasimama langoni.

"Nimemwona mama yako kwenye maonyesho ya Harlow," alisema. "Kaniuzia jamu. Mbona hanikumbuki?"

Mwiko ukasimama. Ocie walikuwa wamemzika zamani.

Kesho yake Verlene na mdogo wake, Doyle, wakaenda Harlow. Mwanamke alikuwa mezani, amewapa mgongo. Kofia ile ile. Mabega yale yale yaliyoinama.

"Onja, mpenzi. Haijaungua hii," alimwambia mnunuzi.

Verlene akamshika Doyle mkono. Ilikuwa sauti ya mama yao, mpaka kile kikohozi kidogo mwishoni.

Mwanamke akageuka. Uso haukuwa wa Ocie. Walikuwa hawamjui kabisa. Lakini chupa zote mezani zilikuwa na uso wa mama yao.

Walipouliza, kumbe kampuni moja ya jamu ilimwajiri mwanamke huyo, Bi Zelda Crum, mwigizaji wa zamani. Walimpa picha ya Ocie, na kanda ya mahojiano yake ya redio ili ajifunze sauti.

Wakaenda kwa jirani yao, wakili Tamsin Hargis.

"Huku ni kuuza bidhaa yako kwa sura ya mwenzako," alisema Tamsin. "Sheria inakataza. Sasa amueni: hakimu peke yake, au jopo la raia wanaosikiliza na kuamua kesi?"

"Hakimu!" Doyle akadakia. "Amesoma. Hao raia wanaokotwa tu, mwingine atasinzia."

"Kusinzia wanaweza. Wanaweza pia kumwonea dada yako huruma wakasahau ushahidi. Ndiyo maana hakimu huwaeleza sheria. Lakini swali kubwa hapa ni hili: mnunuzi wa kawaida angedanganyika? Hakimu atasoma chupa mbele na nyuma. Mnunuzi hufanya hivyo?"

"Mimi mwenyewe sisomi," Verlene akasema.

"Basi waachieni wanunuzi kama wewe waamue, yaani jopo. Ila sikilizeni. Mkitaka tu kampuni izuiwe, hakimu huamua peke yake. Mkidai na fidia ya hasara, mna haki ya jopo. Na jopo huombwa mapema, kwa maandishi. Ukinyamaza mpaka muda ukapita, huenda umelikosa."

Verlene akamtazama mdogo wake. "Tuombe jopo, Doyle."

Mahakamani, wakili wa kampuni alionyesha jina la kampuni, maandishi madogo nyuma ya chupa. Tamsin naye akamwomba Bi Zelda aseme alivyokuwa akisema Harlow.

"Onja, mpenzi. Haijaungua hii."

Chumba kikawa baridi. Mzee mmoja wa jopo aligeuka kuangalia mlango, kana kwamba mtu ameingia. Verlene akafumba macho.

Jopo lilijifungia kwa saa nyingi. Lilipotoka, lilisema wanunuzi walidanganywa, na familia ilipwe. Lakini dai la pili la familia, kwamba kampuni iliiga umbo la chupa yao, jopo lililikataa: chupa zile kila mtu huzitumia.

"Kumbe hawakusinzia," Doyle akanong'ona.

Hakimu akaipiga marufuku kampuni kutumia picha na sauti ile.

Nje, Bi Zelda alimfuata Verlene.

"Nisamehe, mwanangu. Waliniambia familia imekubali. Sasa mume wangu anasema naongea kama mama yako hata usingizini. Nakohoa kikohozi chake."

Verlene alitaka kuondoka. Hakuondoka. Alimshika yule mama mikono miwili.

"Ulikuwa unaongeaje, kabla ya kanda?"

Bi Zelda akafungua kinywa, akakifunga. Akajaribu tena. Ikatoka sauti nyembamba, ya kwikwi, ambayo Verlene hakuwahi kuisikia.

"Hiyo," Verlene akasema. "Hebu endelea, mama. Sema lolote."

Wakakaa ngazini, Bi Zelda akaongea mpaka mahakama ikafungwa.