Kifua cha Chiriku

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alikwenda kumsaidia baba yake seremala. Jina hilo la utani lilitokana na mdomo wake: akianza kusimulia, misumari ilijipigilia yenyewe ubaoni ipate kumkimbia.

Kazi yake ilikuwa kutoboa mbao kwa keekee ya mkono. Unaegemeza kifua juu ya kichwa chake, unasukuma huku ukizungusha mpini. Baba hakushika keekee kabla ya kuweka kitambaa kilichokunjwa kifuani. Chiriku alikikataa, akisema hicho ni cha wazee.

Juma moja wakapata kazi ya vitanda vya bweni, matundu mengi kuliko ya chekeche. Kazi ilipokwisha, kifua kilimuuma upande wa kushoto. Akajigusa, moyo ukadunda. Akaogopa, ukadunda zaidi. Basi akajipa ugonjwa mwenyewe: moyo umeharibika.

Jirani yake wa dawati alimsihi aseme nyumbani. Hakuthubutu. Mashindano ya mbio yalikaribia, na nani angemruhusu mgonjwa wa moyo akimbie? Akanyamaza. Kimya hicho kikaishtua nyumba nzima. Mama alipomwona akikunja uso kwa kuinua ndoo, alimbana mpaka akasema. Palepale baba akamfikisha zahanati.

Daktari alimsikiliza moyo, akamuuliza kama hukosa pumzi au huona kizunguzungu akikimbia. Hapana. Akambonyeza mbavuni.

“Hapo hapo, dokta!”

Akataka kujua anafanya kazi gani. Chiriku akaonyesha jinsi anavyosukuma keekee. Daktari akaangua kicheko.

“Moyo wako mzima, binti. Umeumiza misuli na maungio ya mbavu.”

Baba alikohoa kidogo. “Kile kitambaa cha wazee, mwanangu.”

Chiriku akainamisha kichwa. “Nitaweza kukimbia lakini?”

“Pumzika. Maumivu yakiisha, kimbia utakavyo,” daktari alisema. “Ila nisikilize. Safari hii ni misuli; siku nyingine huenda isiwe. Kifua kikiuma, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Kujua ni ugonjwa gani ni kazi yangu. Yako ni kusema. Mficha maradhi, kilio humfichua.”

Siku ya mbio alikimbia bila maumivu, akawa wa pili. Mpaka leo anashikilia kwamba yule wa kwanza alisukumwa na upepo.