Nyamoita na Wimbo wa Mwisho

Nyamoita aliishi Marani na mume wake, Machogu, na binti yao, Gladys. Siku za soko aliuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Aliita wateja kwa sauti kubwa hata wenzake wakamtania kwamba ndizi zake zinasikika hadi Marani. Siku ya Sabato aliimba kanisani.

Mwaka huo alikuwa akirekodi albamu ya nyimbo za kumsifu Mungu. Alizitunga mwenyewe, na Machogu alipiga kinanda. Ulibaki wimbo mmoja tu, ule alioupenda kuliko zote. Kisha makambi, mikutano ya kanisa ya kila mwaka, yakafika. Aliimba juma zima, asubuhi hadi jioni. Aliporudi sokoni, akaita wateja vilevile. Sauti ikaanza kukwaruza, halafu ikakauka kabisa.

Mwezi ukapita. Sauti haikurudi.

"Labda kuna dhambi umeficha," mzee wa kanisa, Nyangate, alimwambia. "Funga, mama. Lia mbele za Mungu."

Nyamoita akafunga. Kutwa nzima hakula, wala hakunywa maji. Nyumbani alinong'ona tu, akidhani anaitunza sauti. Kila asubuhi alijifungia jikoni, penye moshi, akajaribu kuimba. Kilichotoka ni mkoromo. Aliona Mungu amempokonya kipaji mbele ya watu, na hakujua amekosa nini. Akaacha kwenda kanisani.

"Baba Gladys, waambie watu wa studio wasiningoje tena," alinong'ona. "Mimi nimeisha."

Machogu alikifunika kinanda kwa leso.

Jirani yao, Benter, alikuwa muuguzi kutoka upande wa ziwani. Siku moja alikuja kununua ndizi.

"Mama Gladys, sauti imekauka tangu lini?"

"Tangu makambi, sista. Wanasema ni dhambi. Nafunga."

"Unafunga hadi maji?"

Nyamoita akaitikia kwa kichwa. Benter akakasirika waziwazi.

"Aliyekupa koo ni Mungu, na koo linataka maji! Umelitumia kupita kiasi, halafu unalinyima maji. Na wacha kunong'ona, hiyo pia inachosha sauti. Nyamaza, ama uongee polepole. Toka kwa moshi. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, mtu anaenda kwa daktari wa koo. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa kikubwa. Kesho twende Kisii."

Daktari alimtazama koo kwa kamera nyembamba.

"Una vinundu kwenye nyuzi za sauti," alisema. "Vimeletwa na kupiga kelele na kuimba bila kupumzika. Si dhambi, mama. Utapumzisha sauti, na mtaalamu atakufundisha kuitumia upya."

"Nitaimba kama zamani?"

Daktari aliiweka kamera kando. "Utaimba. Kama zamani, siwezi kukuahidi."

Nyamoita alilia njia nzima.

Hata hivyo alifuata aliyoambiwa. Alikunywa maji mara kwa mara. Machogu alitoboa dirisha jikoni ili moshi utoke. Sokoni aliita wateja kwa kengele ya ng'ombe, na wenzake wakacheka hadi wakachoka. Miezi ilijikokota. Siku nyingi alikata tamaa, akaamka kesho yake na kufanya mazoezi akiwa amekata tamaa vilevile.

Sauti ilirudi, lakini ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo. Machogu akaushusha chini ule wimbo wa mwisho kwenye kinanda ili mkewe aufikie. Wakaenda studio. Karibu na mwisho, kwenye neno la juu, sauti ikakatika.

"Rudia, mama," fundi wa kurekodi alisema. "Mara moja tu."

Zamani angerudia hadi usiku. Sasa alihisi koo limechoka.

"Hapana," alisema. "Wacha hivyo." Akanywa maji, akaenda nyumbani.

Nyamoita bado anaililia sauti yake ya zamani. Lakini rekodi ya wimbo ule ikipigwa kanisani, ambako sasa amerudi, pale sauti inapokatika, watu wote hulimalizia neno lile, na mzee Nyangate ni mmoja wao. Nyamoita hukaa kimya kati yao, akipumzisha koo.