Miraba Mia Sakafuni

Kila Jumatatu, kabla ya paredi, mimi Kokushubira, kiranja wa chakula katika shule yetu ya Ihanda, nilikagua maharage ya makande ambayo wanafunzi walileta. Mfuko wenye zaidi ya asilimia kumi ya maharage mabovu ulirudishwa nyumbani.

Jumatatu moja niliukagua mfuko wa kwetu. Mama alikuwa ameniagiza nichambue maharage yale Jumamosi, lakini nilikwenda kucheza rede. Nilichota kidogo kwa vidole, nikahesabu yaliyobunguliwa. Kumi! Nikaandika haraka kwenye daftari: asilimia kumi. Nusu ya mfuko ikaingia jikoni.

Mchana niliitazama sahani yangu ya makande. Fukusi weusi walielea kwenye mchuzi, wamevimba, miguu juu.

"Ptuu!" Revelian, jirani yangu darasani, alitema chini. "Nani kaleta uchafu huu?"

Karibu yetu Atuhaire wa darasa la kwanza alikuwa akila. Aliwasukuma wadudu pembeni kwa kidole, kisha akameza, kwa kuwa alikuwa na njaa. Niliona kinyaa tena, na safari hii nilijionea mimi mwenyewe.

Nikamfuata mwalimu wetu wa hisabati. "Shikamoo, Mwalimu Elipidius. Maharage yale ni ya kwetu. Lakini mabovu yalikuwa asilimia kumi tu!"

"Marahaba. Kumi kati ya mangapi?"

Sikuwa nimeyahesabu yote.

Mwalimu alichora kwa chaki sakafuni miraba mia, safu kumi za kumi kumi. "Chota kwenye nusu iliyobaki, kama ulivyochota asubuhi. Kila harage mraba wake."

Nilichota. Yalijaza safu mbili na nusu tu: ishirini na tano, na kumi kati yake yalikuwa na matundu. Nilichota tena na tena mpaka miraba ikajaa, kisha nikayasogeza mabovu upande mmoja. Yalijaza safu nne na mraba mmoja. Fukusi alitoka kwenye tundu, akatembea juu ya chaki.

"Arobaini na moja katika mia," nilisema kwa sauti ndogo. "Asilimia arobaini na moja."

"Sasa umeona. Asilimia huhesabiwa katika kila mia. Wewe ulihesabu mabovu, ukasahau mazima."

Jioni nilichambua nusu yote iliyobaki, harage kwa harage. Kesho yake niliyapanga mia kwenye miraba. Mabovu yalikuwa mawili.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. "Vizuri. Lakini jana uvivu wako aliula Atuhaire. Mkumbuke kila unapoandika namba."