Gari Lililokwenda Shishiyu

Ukurasa ule haukutengenezwa ufunguke wenyewe. Maige ndiye aliyeutengeneza, na kwa siku mbaya tu: mfumo ukikwama, mteja asione yale maandishi mekundu ya Kizungu, aone maneno mazuri. Lakini Alhamisi hiyo mchana, mfumo ukiwa mzima kabisa, ukurasa ulijifungua kwenye laptop yake pale ofisini Bariadi. *Ombi lako limefika. Tulia, gari linakuja.*

Akaufunga. Ukafunguka.

Alijua ni kwa nini. Kampuni yao iliwawahisha hospitali wajawazito wa vijijini: mama anaomba gari kwa simu, dereva anatumwa. Na ukurasa wa hitilafu, tuseme ukweli, kazi yake ni kumwambia mtu tumekwama, hatujakusikia, tafuta njia nyingine. Ila Maige alikuwa na ile haya yetu ya kutomtolea mgeni neno baya mlangoni. Basi akaandika uongo mtamu. Jumanne mfumo ulikwama alasiri nzima, na kesho yake akakuta kwenye kumbukumbu za mfumo alama ya ombi moja lililopotea: Milembe, Shishiyu, uchungu umeanza. Hakuna gari lililotumwa. Akaifuta alama, akaenda kula. Mtu mzima na akili zake.

Sasa ikaja harufu ya udongo uliolowa, na mvua yenyewe hakuna. Kisha nje ya dirisha gari likanguruma, limesimama, linasubiri. Alichungulia akaona mbuzi tu.

Shija, dereva wao, akaingia akinong'ona. "Unalisikia?"

"Si letu?"

"Yetu yote yamezimwa. Funguo ninazo mimi."

Maige akamweleza yote. Shija akasema bibi yake alikuwa akiwakanya watoto wasiahidi jambo wasilolikusudia, kwa sababu wapo wasio watu wanaoliokota na kulitimiza.

"Twende ukamwambie mama yake," akasema. "Kama amezika, ajue amezika kwa sababu gani."

Wakashika njia, na kadiri walivyouacha mji ndivyo ngurumo ile ilivyowafuata, si mbele si mbali, nyuma yao tu, na Maige alipotazama kwenye kioo aliona vumbi likitimka barabarani kana kwamba kuna gari linawakimbiza, ila gari halikuwepo, na harufu ya udongo ikazidi hadi Shija akafungua vioo vyote na bado wakahema kwa taabu, huku Maige akiyapanga maneno yake moyoni, mfumo ulikwama, hatukumsikia, kosa ni langu, anayapanga, yanamwagika, anayapanga tena.

Shishiyu hawakukuta matanga. Nyamizi, mama yake Milembe, alikuwa anaanika mahindi. Alipoona nembo ya kampuni ubavuni mwa gari uso ukamng'aa, akawaamkia, akawapa vigoda.

"Mayu," Maige alianza, akimwita mama kwa Kisukuma, "nimekuja na neno baya."

Mama wa watu wala hakulisikia. Alikuwa ameshaanza kushukuru. Gari lenu liliwahi, akasema, hata sijamaliza kumfunga kanga lilikuwa mlangoni, jeupe, tukampandisha.

"Ila dereva wenu yule," akaongeza, akishusha sauti asimkwaze mtu, "nilimwamkia, hakuitika. Wala hakugeuza uso."

Shija akarudi nyuma hatua moja.

"Simu mwanangu ameondoka nayo. Mkwe yuko na ng'ombe huko Mwanhuzi. Nimekaa tu nangoja habari. Niambie, baba. Amejifungua?"

Maige akafungua kinywa. Yale maneno aliyoyapanga njia nzima hayakufaa tena. Yalikuwa ya msiba, na hapa hata maiti haikuwepo. Angesema nini? Kwamba mwanao umempandisha kwa mikono yako kwenye gari lisilo la mtu, na kilichoita gari hilo ni uongo wangu? Akamtazama yule mama, macho yamemtoka kwa matumaini, na haya ile ile ikamshinda.

"Salama, mayu," akasema. "Amejifungua salama."

Nyamizi akapiga vigelegele, na wanawake wa boma la pili wakaitikia. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya uji, akamkabidhi ampelekee mzazi. Shija alikuwa ameshaondoka pale, anatembea kuelekea kwenye gari bila kuaga. Maige akaipokea chupa kwa mikono miwili.

Kisha mama akauliza ni wa kike au wa kiume, na hilo nalo Maige akamjibu.