Sauti ya Dirisha la Tatu

Kilichoibwa kilikuwa faili moja tu, lakini mkurugenzi wa hospitali alihangaika kama mtu aliyeibiwa jengo zima.

"Ni kumbukumbu za mashine, Afande," alimwambia Inspekta mlangoni mwa chumba cha seva. "Mashine ilianguka mchana huu, ikazimika, ikajiwasha tena, na faili la kumbukumbu zake halipo. Kama humo mna siri za wagonjwa na zikasambaa, mimi nimekwisha."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mkuu wa kitengo cha makosa ya mtandao, mwenye subira ya mtu aliyelea watoto wakaidi. Aliangalia nyaya, kibodi moja iliyochakaa, na taa za kijani zilizokuwa zikipepesa bila wasiwasi.

"Asiguse mtu kitu," alisema. "Hata vumbi liacheni."

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketishwa fundi wa mitambo. Koplo alikuwa ameshamsachi mara mbili bila kuona diski yoyote.

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi."

"Mashine ilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Humu humu."

"Ilianguka, au iliangushwa?"

Fundi alitazama viatu vyake.

"Una familia?"

"Nina binti. Yuko chekechea. Mama yake alifariki siku aliyomzaa."

"Ukikutwa na siri za wagonjwa, utafungwa. Huyo binti atakua wewe ukiwa ndani. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Afande."

Inspekta alimwonea huruma, na hakupenda kumwonea huruma mshukiwa kabla hajajua alichofanya.

Akamgeukia Koplo. "Mashine hizi zikifika mahali haziwezi kuendelea, haziondoki hivi hivi. Zinamwaga kila kilichokuwa kichwani mwao kwenye kipande cha diski kilichotengwa. Zikiamka, zinanakili kumbukumbu hizo na kuziweka kwenye folda. Mwizi wetu kabeba kilichokuwa kwenye folda. Zile za kwanza bado ziko kwenye kile kipande, ilimradi mashine haijaandika kitu kingine juu yake."

"Kwa hiyo kaiba fotokopi," Koplo alisema, "akaiacha karatasi yenyewe mezani."

"Hivyo hivyo. Ndiyo maana nimekataza mikono yenu."

Alinakili kipande kile cha diski mbele ya mashahidi, akaitia nakala hiyo lakiri ya ushahidi, kisha akairuhusu mashine irudi kazini. Fundi akaondoka na polisi.

Asubuhi, ofisini kwake, Inspekta alizisoma kumbukumbu zile taratibu, akifuata hatua za mwisho za mashine kinyumenyume, toka pale ilipoangukia. Koplo aliegemea mlango na chai yake.

"Si ajali," Inspekta alisema. "Iliamriwa ianguke, kwa vitufe vya kibodi ile ya chumbani."

"Basi tumemaliza. Ni fundi."

"Nani tunaye. Sababu yake hatuna." Aligonga kioo kwa kalamu. "Anayetaka siri za wagonjwa angeiangusha mashine mafaili yao yakiwa wazi. Huyu kayafunga kwanza, kisha kaifuta nafasi yalipokuwa, halikubaki hata jina la mgonjwa. Kaacha wazi programu moja tu. Ile inayoita foleni."

"Ile ya namba fulani, dirisha fulani?"

"Hiyo."

Koplo alisahau kunywa chai. "Mtu anataka kufungwa kwa ajili ya foleni?"

Walirudi hospitalini. Ukumbi wa mapokezi ulijaa watu wenye kadi mikononi na watoto mapajani. Kwenye dirisha la tatu, sista mnene mwenye miwani alikuwa akiwahudumia, na kando yake palikuwa na rundo la vikaratasi vilivyokatwa sawasawa, vyenye namba za kuandikwa kwa mkono.

"Hivi mlivikata baada ya mashine kuanguka, Sista?"

"Ndiyo, Afande."

"Ilizimika kwa muda mfupi sana. Umekata rundo hili lote ndani ya muda huo?"

Sista alipanga kalamu zake, akazipanga tena. "Sikutaka wagonjwa wahangaike," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani alikuambia itaanguka?"

Kabla hajajibu, spika ya darini ilisema, kwa sauti ya mwanamke yenye tabasamu ndani yake: "Namba kumi na tisa, dirisha la tatu. Karibu."

Midomo ya Sista ilisema "karibu" pamoja nayo, bila yeye kujua. Inspekta aliiona.

"Hii sauti ni ya nani?"

Sista alivua miwani. "Ya rafiki yangu. Alikuwa mpokezi, kiti hiki nilichokalia kilikuwa chake. Ni marehemu mke wa fundi, Afande." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sare yake, akatoa diski ndogo iliyofungwa kwenye leso. "Mashine inang'olewa wiki hii. Mpya ina sauti ya kutengenezwa. Kama ni kufungwa, tufungeni wote wawili."

Fundi aliletwa ofisini kwa mkurugenzi. Alipoiona leso mezani alijua, na akaanza kumwaga yote.

"Niliiangusha mimi. Sista msimguse, nilimwomba tu. Walioleta mfumo walilifunga faili la sauti. Kwenye diski halisomeki. Linafunguka ndani ya kumbukumbu tu, mashine ikiwa hai. Na wao walishafunga kampuni."

"Ungerekodi kwa simu," Koplo alisema.

"Nimerekodi. Nasikia watu wanakohoa, na yeye yuko mbali." Aliitazama leso mezani. "Binti yangu anajifunza kuhesabu. Kila tukifika namba mpya, ananiuliza, hii mama anaisemaje? Mama yake alirekodi hadi mia tano, Afande. Foleni hapa haijawahi kupita mia mbili. Kuna namba alizisema ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisikia. Wiki hii zingetupwa."

"Hukuomba ruhusa?"

"Niliomba."

"Nilisema taratibu haziruhusu," mkurugenzi alisema. Alikuwa mgeni pale, hakuwa na mwaka. "Hukuniambia ni mke wako."

"Hukuniuliza, bosi."

Koplo alikohoa na kutazama dari.

Inspekta alifungua kompyuta yake. "Nilipojua ni sauti, nililitoa faili lote kwenye kumbukumbu. Kati ya namba za mwisho kuna kipande ambacho mashine haikukiita kamwe. Waliorekodi walisahau kukikata. Nadhani ni chako kukisikia."

Akabonyeza. Sauti ile ikajaa chumba, karibu, safi, bila kikohozi cha mtu.

"Mia nne tisini na... ngoja kwanza. Ngoja. Huyu ananipiga teke." Kicheko. Kisha kwa upole, kama anayesema na tumbo lake mwenyewe: "Tulia, mama. Tumalize kazi, twende nyumbani kwa baba."

Fundi alilia. Hakujificha wala hakuomba radhi, na hakuna aliyemharakisha. Sista alimshika bega. Inspekta mwenyewe alihangaika na kifuniko cha kalamu ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

"Na siri za wagonjwa?" mkurugenzi aliuliza hatimaye.

"Hamna hata moja. Nitaandika hivyo."

"Na hiyo diski?"

"Ni ushahidi. Mlalamikaji akifuta malalamiko, sina kesi ya kuishikia."

Wote walimtazama. Mkurugenzi alisafisha koo. "Barua ya onyo ataipata. Kali." Akaisukuma leso taratibu hadi upande wa pili wa meza. "Malalamiko nimefuta."

Fundi aliichukua kwa mikono miwili. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akaangalia saa ya ukutani.

"Huyo aliyepiga teke," alisema, "anatoka chekechea saa sita."

Inspekta alifunga kompyuta, akaikumbatia isije ikagongwa.

"Koplo," alisema, "washa gari."